Foleni Iliyotoweka Surabaya

Asubuhi ile foleni ya maombi ya likizo haikuwepo. Kila mwaka, juma la mwisho la Ramadhani, mfumo wa kampuni yetu ya vigae hulemewa na maombi elfu mbili ya watu wanaotaka kwenda kwao kula Idi, nao hujikokota kama konokono aliyefiwa. Safari hii skrini ilikuwa nyeupe. Hakuna ombi lililosubiri.

"Nimeiua," alisema Wiryawan, fundi wetu wa kompyuta, akiwa amesimama mlangoni kama sultani aliyeteka mji bila kushuka kwenye farasi.

Akatueleza bila kuulizwa. Tuna seva tatu katika miji mitatu: Surabaya, Semarang na Medan. Zamani kazi ziligawanywa sawa kwa sawa, kama wali wa msibani. Yeye ameunda mgawaji mwenye akili: seva inayomaliza haraka huongezewa mzigo, inayosuasua hupunguziwa.

"Na hiyo ya Medan ni moto. Inamaliza ombi hujapepesa jicho. Nimeipa karibu yote."

Bu Tarmini, mama wa stoo, hakucheka. Treni yake ya kwenda kwao Wonogiri ilikuwa saa kumi alasiri. Alikuwa hajamwona mama yake miaka mitatu, na bila ruhusa kwenye mfumo mlinzi hafungui geti.

"Mas Wiryawan, kaka yangu, langu limekataliwa."

"Pole, Bu. Labda siku zako zimekwisha."

"Na langu," nikasema.

"Hata langu," akasema mlinzi.

Wiryawan akafungua kumbukumbu za Medan. Nikamwona anapauka. Diski ya seva ile ilikuwa imejaa tangu jana. Haikuweza kuandika chochote, basi ikawa inakataa kila ombi papo hapo. Na kadiri ilivyokataa upesi, ndivyo mgawaji alivyoirundikia mengine.

"Yaani kazi yote umempa anayesema hapana haraka kuliko wenzake?" akauliza Bu Tarmini.

"Kitaalamu, Bu..."

"Basi hujaunda mgawaji, Mas. Umetuundia meneja."

Meneja mwenyewe, Pak Hendarto, alikuwa nyuma yetu. Akamwamuru Wiryawan apitishe maombi yote kwa mkono, aanze na la Bu Tarmini, kisha afuate zamu. Wiryawan, kwa kujiamini, alikuwa ametuma lake mwisho kabisa.

Bu Tarmini yuko Wonogiri. Mimi niko Malang kwa wakwe zangu. Wiryawan yuko Surabaya, ghorofa ya pili, kwenye ombi la elfu moja mia nne na sita.