Ukuta wa Kuzuia Rezo

Jumatatu, 3 mwezi wa sita
Kikao kwa shefu wa quartier, mkuu wa mtaa wetu, Mama Kanyere. Sababu: Koko Débora, bibi mzee jirani yangu. Alianguka nyumbani mwake, akalala chini siku mbili bila mtu kujua. Mlango wake na wangu inatazamana. Tuko naye wote ndani ya groupe ya WhatsApp, watu mia mbili. Siku hizo mbili tulimtumia maua ya asubuhi njema. Mimi pia.

Mama Kanyere alisema, "Hatuonanaka tena. Tujenge fasi batu batakutana."

Mimi, Gamaliel, fundi wa matofali miaka kumi na tisa, nilisimama kwanza. Kamate seremala akasimama pia. Siku zote huyo.

Jumatano, 5
Kamate ameonyesha mchoro wake. Nguzo sita, manjanja ya bati juu, mabenchi yanayotazamana, karibu na bomba la maji. Ukuta hakuna. Hilo si jengo, ni mwavuli.

Mimi nimefikiri zaidi. Adui ni simu. Donc: kuta nene, unene wa matofali matatu, madirisha madogo juu kabisa, rezo ya simu, yaani mtandao, isipenye. Watu wakikosa la kutazama, watatazamana. Nimezunguka nyumba kwa nyumba nikieleza jinsi mvua ya Butembo inavyopiga kwa ubavu. Sikutaja rezo.

Ijumaa, 7
Wamechagua mpango wangu. Kamate atatengeneza mabenchi tu. Alinipa mkono na kunipongeza. Ningependa akasirike kidogo.

Jumamosi, 29
Kazi imeisha. Quartier nzima ilibeba matofali. Kosa moja: nilipima msingi vibaya, umetokeza nje ya ukuta kuzunguka jengo lote, upana wa makalio. Kamate aliutazama, akaupima kwa kiganja. Nikamwambia ni mtindo wa kisasa.

Jumapili, 30
Tumefungua salle, ukumbi wetu, baada ya ibada. Rezo haikupenya hata kidogo. Nilifurahi sana. Dakika kumi baadaye ndani tulibaki mimi na Mama Kanyere.

Wengine walikuwa nje, wameketi juu ya kosa langu, simu mkononi. Nafasi ndogo, wakabanana. Florentine, muuza samaki wa Kyavinyonge, alimwonyesha Koko Débora picha ya harusi. Koko akacheka, akaanza kusimulia harusi yake mwenyewe, jinsi bwana arusi alivyokwama kwenye matope ya Kalunguta. Simu zikashuka moja moja. Nilisimama mlangoni nikiwaita waingie. Hakuna aliyegeuka.

Alhamisi, 4 mwezi wa saba
Asubuhi Koko hakuonekana ukutani. Sasa anakaa pale kila siku, kwa hiyo Florentine aliuliza mara moja. Wakaenda. Walimkuta na homa kali, hawezi kusimama. Kamate alimbeba mgongoni mpaka kwa daktari. Mimi nilifika nyuma, mkononi ufunguo wa salle, sijui kwa nini.

Atapona. Daktari amesema tungechelewa kidogo tu, ingekuwa habari nyingine.

Mama Kanyere alinishika mkono mbele ya wote: "Jengo yako imeokoa mutu." Nilikubali.

Jumamosi, 6
Habari zimefika Beni. Quartier moja ya kule inataka jengo kama letu. Nimechora tangu asubuhi, siwezi kukaa. Safari hii kuta za matofali manne. Msingi nimeupima mara tatu, hautatokeza hata kidole.

Kamate alikuja kuona mchoro. Aliuzungusha, akauliza, "Sasa batu bataikala wapi?"

Nimemwambia: watakaa ndani.