Nyakong na Mawimbi Thelathini na Sita

Sogeeni, enyi watu wa Kakuma, nanyi mliotoka Lodwar na vumbi likiwa bado kwenye nyusi. Zimeni simu, vuteni viti, msikie jinsi Nyakong, mwanamke wa sindano isiyotetereka, alivyoukabili ukingo wa blanketi la viraka wala asigeuze kisogo.

Blanketi hilo alilishona kwa mkono miezi saba, kwa vipande vya magauni ya marehemu mama yao, ili mdogo wake Nyaduoth, aliyepata safari ya kwenda kuishi Kanada, aondoke nalo. Ndege ilikuwa Alhamisi, na leo ilikuwa Jumatatu. Naye Nyakong, kwa majivuno yasiyo kifani, alikwisha kuwatangazia kina mama wote wa kanisa kwamba ukingo wake utapinda kwa mawimbi pande zote nne.

Akainuka Jeptoo, muuza vitambaa kutoka Eldoret, jirani yake na mpinzani wake katika mambo yote ya uzi, akanena akiwa na sahani ya ugali mkononi:

"Nyakong, mimi nimeuza kitambaa Lodwar miaka kumi kabla ya kuhamia hapa. Mawimbi yamewaliza mafundi wenye cherehani, sembuse wewe na sindano! Kata ukingo unyooke, msichana asafiri."

"Dada yangu Jeptoo," akajibu shujaa, "siku nitakayonyoosha ukingo huu, siku hiyo mto Tarach utapanda mlima!"

Akatwaa kifuniko cha sufuria kama ngao na chaki kama mkuki, akachora nusu duara moja baada ya nyingine. Tisa zikakaa kwa utii. Lahaula! Kwenye kona likabaki nusu wimbi, limejikunyata kama jasusi. Akafuta. Akajaribu kikombe, mawimbi yakawa kama meno ya panya. Ndipo jicho lake likatua kwenye sahani ya Jeptoo.

"Nipe hiyo."

"Si unaona ninakula!"

Haikusaidia. Ugali na sukuma vikahamishiwa kwenye kifuniko, sahani ikapanguswa, ikapimwa. Kumi upande mrefu, nane upande mfupi, bila salio!

Lakini alipoinua mkasi, akausimamisha hewani. Kwenye kona palikuwa na gauni la buluu, lile la mama la Pasaka, na kitambaa kikishakatwa hakirudi. Hata Jeptoo akaacha kutafuna.

"Kata tu, dada," Nyaduoth akasema taratibu, akikunja nguo zake. "Mama mwenyewe alikuwa anakata magauni yake atushonee sisi."

Mkasi ukashuka.

Jumanne vita vikapamba moto. Utepe wa kuzungushia ukingo ukakunjamana katika kila bonde kati ya wimbi na wimbi, kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nyakong akafumua kwa wembe, akashona, ukakunjamana tena. Jeptoo, aliyekuja kushuhudia maangamizi, akashindwa kuvumilia.

"Umekata utepe umenyooka! Kata mshazari, mama, ndiyo uvutike!"

Kisha akaziba mdomo kwa viganja viwili, maana alikwisha kumkabidhi adui funguo za ngome.

"Ejok, Jeptoo! Ejok sana!" akacheka Nyakong, akimshukuru kwa Kiturkana, akakata mshazari, akatia mkasi kidogo katika kila bonde, akavaa subana kidoleni, akasonga mbele kishono kwa kishono, wimbi kwa wimbi, Jeptoo akimshikia pini huku akinuna.

Na ikawa Jumatano, saa kumi alasiri, kishono cha mwisho kikafungwa. Wanawake wakaja. Jeptoo akaukagua ukingo wote kwa kidole, akitafuta kosa, asilipate. Akavuta pumzi, akapiga kigelegele cha kwanza, tena kirefu kuliko vyote. Nyaduoth akajifunika blanketi lile gubigubi katika joto la kuchemsha chai, jasho likimtiririka hadi kidevuni, akakataa katakata kulivua.

Basi na iandikwe, na vizazi visome: siku hiyo, Kakuma, kitambaa kilipinda kilipoamriwa kupinda.