Neno Moja la Leza kwa Siku

Jumatatu, 6 Mei

Nimeamua kununua mashine ya leza. Au tuseme nimeamua kuamua. Ni mashine ndogo ya kuweka mezani. Unaiunganisha na kompyuta, mwali wake unaunguza ubao na kuacha maandishi. Nimetazama video zake jioni tatu mfululizo. Kuna bwana mmoja anachonga ua kwenye mwiko, kisha anatabasamu. Mwiko ninao. Kutabasamu najua.

Kikwazo ni mke wangu. Ni fundi wa kushona, na cherehani yake iko kwenye meza pekee iliyo dirishani. Leza hutoa moshi, na moshi unataka dirisha. Jana jioni nilimweleza kwa upole kwamba cherehani haitoi moshi, kwa hiyo inaweza kukaa popote. Alitoa pini mdomoni kwanza, ndipo akanijibu. Akanikumbusha mashine ya kutotolea vifaranga (walipatikana wawili, wote majogoo). Akanikumbusha na ile ya kukamua juisi, ambayo siku hizi inazuia mlango wa stoo usibamizwe na upepo. Akasema nilete kwanza kazi moja iliyokamilika, watu waipokee kwa heshima. Wakiipokea, meza ya dirishani ni yangu. Wasipoipokea, neno mashine lisisikike tena ndani ya nyumba hii. Tukapeana mikono. Mkono wake una nguvu kuliko wangu.

Na leo kazi imejileta yenyewe! Ijumaa mkuu wetu wa masijala, tunayemwita Mama Faili, anastaafu. Kwenye kikao, karani mwenzangu Kalamu Mbili alipendekeza tumnunulie saa ya ukutani. (Hubeba kalamu mbili mfukoni na hajawahi kumwazima mtu hata moja.) Nikasimama. Nikasema saa kila mtu anayo. Mimi nitaleta kibao kilichochongwa kwa leza: ASANTE KWA KUTULEA KAZINI. Nitakigharamia mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Kalamu Mbili alikuwa anatafuta kitu mfukoni.

Sikusema vile kwa majigambo tu. Mama Faili ndiye aliyenifundisha kazi. Faili nililolipoteza alilisaka mwenyewe siku nzima, na mkurugenzi hajui mpaka leo. Nampenda yule mama.

Leza bado sina. Hilo ni jambo dogo.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kwenye duka la mashine wakati wa chakula cha mchana. Muuzaji ni dada mmoja mtulivu mwenye miwani ya kijani ya kukinga macho. Nikamhoji kama mnunuzi wa kweli. Akasema mbao na ngozi hazina shida, kioo ni kwa taabu, na plastiki nyingine nisizisogeze karibu kabisa maana moshi wake ni sumu. Akataja bei. Nikakohoa. Nikasingizia moshi, ingawa mashine ilikuwa imezimwa.

Nikageuka niondoke. Hapo ndipo akaniambia kwamba mteja anayefikiria kununua anaruhusiwa kuchonga neno moja bure, aone mwenyewe. Neno moja tu, herufi zisizozidi kumi, kwenye kipande kidogo cha plaiwudi. Kipande anaondoka nacho.

Nikahesabu haraka. Kibao changu kina maneno manne. Leo ni Jumanne.

Nikachagua ASANTE. Mwali ukapita, ukarudi, kukanukia mbao iliyoungua. Herufi nyeusi, nadhifu, hazina doa! Dada akauliza kama sasa nimeamua. Nikamwambia mtu mwenye busara hafikirii kwa siku moja.

Bandu bandu huisha gogo. Akili ni nywele, na zangu leo zimesimama.

Jumatano, 8 Mei

Nimerudi dukani nikiwa na kofia, nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Nikabadilisha na sauti. Nikasema mimi ni mteja mpya, nafikiria kununua, nachagua neno KWA. Dada akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu. Akauliza, kati ya maneno yote duniani, kwa nini hilo. Nikamjibu ni neno ninalolipenda tangu utotoni. Akachonga. Kipande cha leo kimetoka rangi hafifu kuliko cha jana, sijui kwa nini. Sikuweza kuuliza, maana mteja mpya hajui cha jana.

Neno la tatu nikamtuma shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nilimwandikia KUTULEA kwenye kiganja kabisa, kwa wino. Nikamnunulia soda. Jioni amerudi na kipande kilichoandikwa BINGWA. Nikamuuliza BINGWA ndiyo nini. Akanijibu, shem, si ndivyo wanavyoniita uwanjani? Anasema alipofika pale aliona mashine nzuri kiasi kwamba neno langu lilimponyoka. Na kiganja? Kilitoka jasho.

Nimekaa nikaviangalia vipande kwa utulivu. ASANTE KWA BINGWA KAZINI. Ukisoma haraka inaeleweka. Mama Faili kweli ni bingwa. Pengine ni bora kuliko nilivyopanga mwanzo.

Alhamisi, 9 Mei

Siku ya neno la mwisho. Nimevaa miwani ya jua na koti la mvua. Mvua hakuna.

Ndiyo kwanza nimeanza kujitambulisha, sauti nyuma yangu ikanisalimia kwa jina langu kamili. Kalamu Mbili! Kafuata kishikio cha funguo za pikipiki yake, kwa pesa zake. Akauliza mbele ya dada kama nimekuja kuchukua kile kibao cha mkuu wetu. Jasho lilinitoka ndani ya koti. Dada akasema, bila hasira, kwamba amenijua tangu siku ya kofia kwa sababu viatu vilikuwa vilevile. Akasema kila duka lina mteja kama mimi. Kisha akanichongea KAZINI, akaniambia hicho ndicho cha mwisho mpaka nije na pesa.

Kalamu Mbili alicheka mpaka kalamu moja ikadondoka. Sikumwokotea.

Nikawahi nyumbani. Mke wangu alikuwa kwa mteja. Nikapanga maneno kwenye ubao, nikapaka gundi ile ya vijiti inayoyeyushwa kwa moto. Ubao ulikuwa umepinda kidogo, ukahitaji kitu cha kuukandamiza. Nikauweka juu ya meza ya kupigia pasi, nikaufunika kwa lile blanketi lake la kupigia pasi, juu nikarundika vitambaa. Mahali salama, nikafikiri. Nikaenda kuoga.

Nilipotoka, mke wangu alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja. Alikuwa analalamika kwamba meza leo ina manundu, na kila akiongeza moto manundu yanahama.

Tulifunua pamoja. Gundi imeyeyuka, imelishika blanketi. KAZINI limepanda juu, ASANTE limelala ubavu, BINGWA limegeuka uso chini. KWA hatujaliona mpaka sasa. Suruali ya mteja, namshukuru Mungu, ilipona.

Nilimweleza yote. Duka, kofia, ndugu yake, koti. Nilitegemea agombe, hakugomba. Alikaa kitini akaniuliza kama nilikuwa nimekusudia kumpa Mama Faili kitu hicho mbele za watu. Niliona aibu, si ya kibao, ila ya yule mama ambaye kesho angenitazama nikiwa mikono mitupu. Nikamwambia hivyo. Akauliza maneno niliyoyataka yalikuwa yapi hasa. Akachomoa kitambaa cheupe, akachagua uzi wa bluu, akaniambia nikale.

Ijumaa, 10 Mei

Asubuhi nimekuta kitambaa kimekunjwa juu ya meza ya dirishani. ASANTE KWA KUTULEA KAZINI, kwa uzi wa bluu, herufi za kulala kidogo, maua madogo pembeni. Kila neno mahali pake. Nilikisoma mara tatu nikitafuta kosa, sikuliona.

Sherehe ilikuwa ukumbini, saa tisa. Kalamu Mbili alikaa mbele kabisa akinong'onezana na watu habari za koti la mvua. Nikafungua kitambaa. Mama Faili alikisoma, akakipitishia kidole, akauliza nani amekishona. Nikasema mke wangu. Akakiweka kifuani akalia. Na mimi nikalia. Hata mkurugenzi aliangalia dari.

Baadaye walinizunguka. Mmoja anataka cha wazazi wake, mwingine cha binti yake anayehitimu. Kalamu Mbili anataka viwili! Ameandika oda yake kwa kalamu yake mwenyewe. Oda tisa kwa jumla, zote zimelipiwa papo hapo, na pesa nimezipokea mimi.

Jumamosi, 11 Mei

Mke wangu kafurahi sana kusikia oda. Ameanza kushona tangu alfajiri. Anaimba.

Nimekaa kitandani nikatafakari kwa kina somo la wiki hii. Makubaliano yalikuwa nilete kazi ipokelewe kwa heshima. Imepokelewa. Sikumbuki kama tulisema lazima iwe ya mbao. Pili, kitambaa kizuri namna ile hakiwezi kutundikwa hivihivi, kinataka fremu. Fremu inataka jina. Na jina kwenye fremu ya mbao huandikwa na nini?

Nilifika dukani saa nne, bila kofia. Dada hakuamini macho yake. Pesa zote za oda tisa zimetosha nusu ya bei, nusu nyingine nimeahidi kuilipa mwisho wa mwezi. Mashine inaletwa Jumatatu.

Mke wangu ameniuliza pesa za watu niliziweka wapi, maana uzi wa bluu umekwisha. Nimemwambia ziko mahali salama. Nimemsogezea taa karibu na kumsihi asichoke, zimebaki saba.