Bunduki ya Mwaka wa Kengele

Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Mimi Nshombo nina miaka sabini na sita. Wamenitangulia mke wangu Emérence, ndugu zangu saba, katekista aliyenichapa, kambi mbili za wakimbizi, na meno yangu yote isipokuwa matano. Mimi nipo.

Kadi yangu inasema nina sitini na saba. Kadi ni mwongo! Karani wa kambi aliniuliza mwaka. Nikaanza kumweleza habari ya kengele. Kabla sijafika kwenye kengele yenyewe, alikwisha andika 1 Januari 1958 na kumwita mtu mwingine. Sote alitupa Januari mosi. Ndiyo maana kila Januari mosi hapa Beechmont, mtaa wetu wa Louisville, tunazaliwa mtaa mzima na keki hazitoshi.

Bon. Ukweli ni huu. Nilizaliwa wiki ile kengele ya misheni yetu kule nyumbani ilipopandishwa mnarani. Mama aliusikia mlio wa kwanza akiwa na uchungu wangu. Kengele ilikuwa na 1949 kwenye shaba. Nilipanda mwenyewe nikaishika hiyo namba kwa kidole. Vita ilipokuja waliibeba. Shahidi wangu akaenda.

Leo nimepata mwingine.

Ninakusanya bunduki za zamani za kukoki kwa mkono wa chini. Risasi zake ndogo kama kidole cha mtoto mchanga, na hugongwa ukingoni, si katikati. Nilizijua kwa mzungu wa shamba la kahawa. Nilimbebea yake miaka minne, nikaisafisha. Nililenga vizuri kuliko yeye, ingawa hakuniruhusu kulenga. Ninazo mbili, nilizonunua kwa jirani bila karatasi yoyote. Moja ya 1956, moja ya 1963. Watoto hao. Zinakaa kwenye kabati la chuma, na ufunguo anao Sandrine, binti yangu ninayekaa kwake. Huyo anatunza wazee wa watu kwa mshahara na mimi bure, donc basi anadhani ananijua.

Kila bunduki ya namna hii imechongwa herufi na namba, na herufi ndiyo mwaka. Orodha ya herufi iko chini ya mto wangu. Sasa kuna Mmarekani, Bwana Dwight wa Tonawanda, karibu na Buffalo, anayezunguka miji na meza yake ya bunduki za kuuza. Jumamosi atakuwa hapa Louisville. Sandrine amenionyesha kwenye simu picha ya bunduki yake moja. Kitako kina ufa. Lakini herufi yake! 1949!

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimedharauliwa.

Maonyesho makubwa ya bunduki, watu kama soko. Nimeikuta bunduki yangu. Nimeishika. Nimekoki mara tatu, sauti tamu. Bwana Dwight akasema wengine wanapita kwa sababu ya ufa. Nikamwambia hata mimi nina ufa.

Yeye leseni yake ya kuuza ni ya kwao mbali, donc karatasi zinajazwa kwenye meza ya mwenye leseni wa hapa. Kijana wa ndevu. Akanipa fomu. Mimi darasa la tatu nililimaliza karibu lote, najaza mwenyewe. Jina, sawa. Mtaa, sawa. Tarehe ya kuzaliwa: nikaandika 1949, na penye siku nikaandika wiki ya kengele.

Akatazama kadi. Akatazama fomu. Akanitazama. Sandrine akaanza Kiingereza cha kuomba radhi, nakijua kwa mabega yake. Nikapewa fomu nyingine. Nikaandika vilevile, herufi kubwa zaidi, labda macho yake ni mabovu. Ya tatu pia. Akasema nirudi siku nitakayokumbuka siku yangu ya kuzaliwa.

Nikumbuke! Mimi!

Bwana Dwight amenionea huruma. Ataniwekea mpaka Jumamosi ijayo, atakuwa kwenye maonyesho ya Columbus.

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisani Balagizi alikuwa na habari zote kabla sijakaa. Balagizi ni mtu wa kilima chetu, kijiji kimoja kule nyumbani. Yeye pia anakusanya, ana nne, alianza baada ya kuona zangu. Mwigaji tangu utoto. Aliniuliza mbele ya akina mama kama ni kweli nimeshindwa mtihani wa jina na tarehe. Wakacheka. Nikamwambia kadi yake inasema 1953, na hiyo pia ni uwongo, mbona haoni haya? Akasema kadi haijawahi kumuuma.

Baada ya ibada nilipita makaburini kwa Emérence. Jiwe lake linasema 1 Januari 1960. Emérence alizaliwa wakati wa kuvuna maharage, na hakuwa wa 1960, maana sikuoa mtoto! Siku ile ya kuandikisha jiwe nilikuwa nalia, nikakubali kila kitu. Sandrine alisoma kadi, fundi akachonga.

Mimi hawatanichonga hivyo. Bunduki itatundikwa sebuleni. Siku yangu ikifika, Sandrine asome kwenye chuma, asisome kwenye kadi. Ndiyo shida yangu yote na dunia hii. Si kubwa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Columbus. Saa tatu na nusu za gari, na Sandrine ameniapisha njia nzima. Papa, utanakili kadi. Papa, sema utanakili. Nikasema.

Nikanakili! 1 Januari 1958, namba kwa namba. Mama wa meza ile, miwani imening'inia shingoni, akaniangalia vizuri, akatikisa kichwa kwamba sawa. Bunduki ilikuwa imelala pale, karibu kama kikombe hiki cha chai.

Kisha chini kabisa pakawa na sahihi. Sandrine akatafsiri: unathibitisha kwamba yote uliyoandika ni kweli.

Sasa mimi ni mzee wa kanisa. Nitaweka jina langu chini ya uwongo? Lakini nilikuwa nimeapa kwa mwanangu. Donc nikatumia akili. Nikaweka sahihi, halafu nikamwambia yule mama, kwa Kiingereza changu mwenyewe ili pasiwe na makosa, kwamba tarehe iliyo juu ni uwongo ila mengine yote ni kweli.

Aliivuta fomu mkononi mwangu na kuipasua vipande vinne. Vipande vinne! Mtu amesema ukweli, anapasuliwa!

Sandrine aliendesha mpaka Cincinnati. Hapo akasema hatanipeleka tena popote penye fomu.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimefikiri siku tatu. Kosa langu nimeliona. Nilikwenda bila shahidi!

Kwetu mtu hathibitishi umri wake kwa kujisemea. Anasimama aliyekuwepo. Nikahesabu walio hai waliokuwepo wiki ya kengele. Nikahesabu tena. Nikahesabu mara ya tatu, nikitumaini nimesahau mtu.

Amebaki Balagizi.

Nimekwenda kwake na kilo mbili za nyama ya mbuzi. Alinikalisha, akanisikiliza huku akijipangusa miguu kama chifu. Bwana Dwight yuko kwake Tonawanda Jumamosi, nikasema. Duka lake mwenyewe, leseni yake mwenyewe. Wewe una gari. Wewe unaijua kengele. Akanifanya nirudie hilo la mwisho. Nikarudia. Akasema atakuja, ila mbele ya mzungu lazima nikubali kwamba yeye alizaliwa siku mbili kabla yangu.

Siku mbili! Nimekubali. Bunduki ina thamani kiasi hicho.

Ijumaa, 17 Oktoba

Buffalo, West Side, nyumbani kwa mkwe wangu Byamungu. Nyumba ya mbao, ngazi zinalia. Saa tisa nzima barabarani na Balagizi. Anaendesha kama anayesindikiza jeneza na anakula karanga bila kumpa mtu. Tumepewa kitanda kimoja. Amechukua upande wa ukuta kwa sababu ya zile siku mbili.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika kwa hasira. Karatasi inatoboka.

Byamungu anafanya kazi kiwandani Tonawanda, njia anaijua, akatupeleka na akawa mkalimani. Bwana Dwight alifurahi kutuona. Nikamwambia Byamungu amtangaze shahidi. Balagizi akasimama. Nakiri alisema vizuri. Alieleza kamba zilivyovutwa na wanaume arobaini, padri alivyolia, mama zetu wawili walivyolala nyumba mbili zinazotazamana. Aliiandika 1949 hewani kwa kidole, kama ilivyokuwa kwenye shaba. Bwana Dwight alivua kofia. Akasema anaamini kila neno, kila neno, lakini simu atakayopiga serikalini kumkagua mnunuzi haiwezi kusikiliza kengele. Akanibembeleza ninakili tu kadi.

Nikasema sitaweka sahihi. Nikakunja mikono. Nilijua atalainika. Mtu aliyevua kofia hulainika.

Bwana Dwight akaivaa tena kofia.

Ndipo Balagizi akatoa kadi yake mfukoni, akaomba fomu. Akaandika 1 Januari 1953 kama anayeandika bei ya chumvi. Akaweka sahihi. Bwana Dwight akapiga simu. Dakika saba! Kadi ikarudishwa, bunduki ikafungwa kwenye kasha, kasha likawa mkononi mwa Balagizi. Bunduki yangu!

Nikamuuliza, nikiwa nimeshika meza, anawezaje kuweka jina lake chini ya mwaka usio wake.

“Nshombo,” akasema, “tarehe ni ya kadi. Yangu ninayo kichwani, na hakuna aliyeniomba.”

Nimemleta shahidi kwa nyama yangu mwenyewe, naye akaondoka na kesi!

Jumapili, 19 Oktoba

Saa tisa nzima kurudi. Kutoka Erie mpaka Columbus nilihesabu karanga anazokula Balagizi. Bunduki nyuma, inagonga kila shimo. Mbele ya Columbus akasema, bila kunitazama, “Ile kengele ililia kwa ajili yetu wote wawili.” Nikafungua dirisha niingize baridi.

Akasema nije Jumapili ijayo niitazame. Nimeapa sitakanyaga kwake.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimekanyaga. Kukagua mafuta tu. Kama nilivyodhani: anaipaka mafuta ya cherehani. Nimempokonya kitambaa.

Ameitundika ukutani sebuleni, na mbele yake ameweka viti viwili. Nikauliza cha pili ni cha nani. Akaleta chai. Tukaitazama. Ufa unaonekana vizuri kutoka pale.

Baadaye akasema ameshaongea na Sandrine. Nikitangulia mimi, yeye atasimama mbele ya fundi wa mawe na kusema 1949. Akitangulia yeye, nitasimama mimi. Sandrine ameandika kwenye simu yake. Nilimwambia Balagizi sina mpango wa kutangulia. Akasema hata yeye hana, lakini ana siku mbili zaidi.

Nilikaa mpaka chai ikaisha. Haina maana nimesamehe.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimepata nyingine! Herufi ileile, 1949, kitako hakina hata mkwaruzo. Iko hapahapa Louisville, Jumamosi, meza ya yule kijana wa ndevu. Ya Balagizi itaonekana kama kuni.

Safari hii sishindwi, maana nimelitafakari jambo kutoka mwanzo. Kosa lilikuwa kuandika mwaka mmoja. Nitaandika yote miwili, 1949 na 1958, bega kwa bega, wachague wenyewe. Pembeni nitachora kengele ndogo. Nimefanya mazoezi kwenye bahasha, inatoka vizuri. Sandrine hajui. Nitapanda basi.

Na haya yote yalitokea kama nilivyoandika. Anayebisha aende mtaa wa nyuma ya kanisa, amuulize Balagizi. Ni mwizi wa bunduki na mlaji wa karanga peke yake. Lakini ndiye aliyebaki anayejua nilizaliwa lini.