Kamati ya Kuwatafutia Wanachuo Utafiti Ufaao

Ieleweke kwa wote, kuanzia Mboghoni hadi Werugha, kwamba mwaka wa hamsini na saba Serikali iliwahurumia wanachuo wetu. Walikuwa wanateseka kwa kufikiri. Basi ikaundwa Kamati ya Kuwatafutia Utafiti Ufaao na Wasimamizi Wafaao, makao yake Voi, chini ya bati lenye joto la kukaanga njugu.

Gertrude Wakio alirudi likizoni kutoka chuo cha Kampala na swali lake tayari: shamba la nyanya yake liliingiaje ndani ya mkonge wa wazungu, na shamba halina miguu? Ila bila kibali cha Kamati, chuoni harudi.

Chifu Josephat, mwenyekiti, akakohoa kiserikali. "Mwanangu, ardhi ni somo zito. Lina mawe."

"Nimeyazoea, Chifu. Nimeyalima."

"Wewe utatafiti Kwa Nini Watu wa Werugha Hawacheki Mbele ya Serikali. Msimamizi wako ni Bwana Shauri. Yeye ndiye asiyechekewa. Nani atamshinda ujuzi?"

Bwana Shauri, mzungu msaidizi wa DC, aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kanuni alizitunga mwenyewe, wanachuo wasipate pa kupumulia: msimamizi huandamana na mwanafunzi, huyaeleza matokeo mbele ya Kamati, wala hamwachi mpaka amalize. Wakio akameza hasira, akakubali.

Wakapanda Werugha. Uani kwa nyanya Tryphena majirani walikaa kama waliokuja matangani. Nyanya akaona leo ndiyo leo: akaamua kutasa. Huo ndio utaratibu wetu tangu kale. Mwenye kinyongo hupiga funda la pombe ya miwa, akaipuliza chini, akataja kinachomchoma. Na aliyemkosea, akikiri, naye hupuliza.

Ajuza akapuliza. "Shamba langu la bondeni! Mkonge umelala kitandani mwangu!"

Kisha, kwa adabu, akampa mgeni kibuyu. Bwana Shauri akapiga funda la kiungwana. Pombe ilikuwa imechacha. Macho yakamtoka, akaitema yote mpaka soksi zikalowa.

Mzee Mwandawiro, mmoja wa majirani, akapiga paja: "Jamani, amekiri!"

Kicheko kikaporomoka mlima mzima. Hata ng'ombe waliacha majani.

"Wanacheka nini?"

"Utafiti huo, Bwana," alisema Wakio. "Tumepata matokeo."

Voi, mbele ya Kamati, Wakio akatangaza kwamba watu wa Werugha hucheka vizuri sana, walikosa sababu tu.

"Sababu gani?" Chifu akauliza. "Msimamizi, tueleze."

Bwana Shauri, ambaye njiani alikuwa ameshatafsiriwa alichokitema, akawa mwekundu kama udongo wa Voi. "Futa hayo! Mpe somo lingine! Lolote atakalo!"

"Ardhi," alisema Wakio. "Ile yenye mawe."

"Na msimamizi mwingine!"

"Haiwezekani, Bwana," alisema Chifu, aliyependa kanuni kuliko ugali. "Humwachi mpaka amalize."

Hivyo ndivyo tulivyomwona Bwana Shauri bondeni, jua la utosi, kaptula imechanwa na miiba ya mkonge, kashika ncha ya kamba ya kupimia, na nyanya Tryphena akimwelekeza kwa fimbo:

"Rudi nyuma, baba. Rudi tena. Mpaka wangu uko pale mnapochezea tenisi."