Kijumba cha Mgongoni na Milango Minne

Jumatatu, 3 Juni

Kijumba kimekamilika! Seremala kakileta leo kwa tela la trekta, kakisimamisha uani juu ya miguu yake minne ya jeki. Kitanda, sinki, kabati, dirisha lenye pazia. Kinasubiri tu pikapu ya kukibeba mgongoni. Nilimwagiza seremala atumie mbao ngumu, ngumu kabisa. Katumia. Watu wanane walikisukuma. Mmoja kaondoka kashika kiuno.

Mke wangu ni muuguzi. Jumamosi anaanza likizo, ya kwanza kwa miaka sita. Nimemwahidi lile ziwa lililo juu ya mlima, ambako gari dogo halifiki: yeye, mimi na mama yake, tukilala kijumbani. Kafurahi. Kisha kasema, kwa sauti ile ya kuwaambia wagonjwa wanaokataa sindano, kwamba Jumamosi saa moja asubuhi yeye atakuwa njiani, iwe na mimi, iwe na kaka yake.

Kaka yake, yaani shemeji yangu, anafyatua matofali. Ana pikapu kuukuu ya kuyabebea. Milango miwili! Kajitolea kutuazima bure. Mimi nikafike ziwani na vumbi la matofali masikioni? Ng'o!

Jumanne, 4 Juni

Kwa dalali. Pikapu mbili. Ya kwanza singo kebini, milango miwili, bodi ndefu, springi nene, rangi imebabuka. Ya pili dabo kebini, milango minne, nyeusi, inang'aa hadi nikaona mahali niliporuka kunyoa. Dalali akauliza nataka kubeba nini. Nikamjibu heshima. Akasema basi ni hii.

Tumebadilishana: yeye kachukua gari langu dogo na pampu ya kisima. Mke wangu bado hajafungua bomba.

Nimepita mbele ya matofali ya shemeji mara tatu. Hakuinua kichwa. Mara ya nne nikapiga honi. Kanipungia mkono kwa upole mkubwa, na hilo limeniuma siku nzima.

Jumatano, 5 Juni

Fundi wa gereji hana adabu. Hakuitazama rangi. Kafungua mlango wa dereva, kachuchumaa, kanionyesha kibandiko kidogo ubavuni: gari hili lisibebe zaidi ya kilo elfu moja. Nikamwambia kwa furaha kwamba kijumba kilipimwa njiani, kwenye mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kilo mia tisa na kumi. Zinabaki tisini za kuchezea!

Akauliza kuhusu maji. Gesi. Godoro. Watu. Nikamweleza taratibu kwamba maji hunywewa, hivyo yanapungua njiani, na watu hukaa mbele kwenye viti, kwa hiyo si mzigo. Fundi akafuta mikono muda mrefu sana.

Kisha akasema bodi ni fupi. Viti vya nyuma vimekula nafasi yake. Kijumba kitaning'inia nyuma ya magurudumu, sawa na mtu kubeba ndoo kisogoni badala ya utosini. Kanishauri nitafute singo kebini yenye bodi ndefu, mfano ile ya shemeji. Wamekula njama, hawa.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu husoma kila chenye tarakimu. Asubuhi, kabla hajaamka, nikabandika picha ya nanasi juu ya kile kibandiko. Kazi safi.

Kaiona kabla hata hajakaa. Kaibandua kwa ukucha, polepole, jinsi anavyobandua plasta kwenye kidonda. Kasoma. Kajumlisha kwa sauti: kijumba, maji lita mia, godoro, mtungi, sufuria, yeye, mama yake, mimi. Kwangu aliongeza kilo ambazo sizitambui. Kasema mgonjwa akipewa dozi ya namna hii haamki.

Halafu akauliza iko wapi pampu ya kisima.

Nimelala sebuleni.

Ijumaa, 7 Juni

Tumekipakia. Pikapu imekaa chini kwa nyuma na kuinua pua. Taa za mbele zinamulika paa la jirani. Mama mkwe kafika na begi lake, kalizunguka gari, kauliza linatafuta nini angani.

Sikutetereka. Akili ni nywele, kila mtu ana zake! Nimejaza magunia manne ya mchanga, nikayafunga juu ya boneti kwa kamba. Pua ikashuka. Nikapiga makofi. Peke yangu.

Mama mkwe akasema mkataa pema pabaya panamwita, akampigia simu mwanawe atufuate kesho kwa ajili ya dharura. Begi lake litasafiri kwenye pikapu ya matofali.

Jumamosi, 8 Juni

Tumeondoka saa moja kamili! Mke wangu kavaa gauni la njano ambalo sijaliona tangu kipaimara cha mtoto wa dada yake, kakaa pembeni yangu, kaanza kuimba. Nakiri: nilikuwa na furaha ya kweli.

Lami ilituheshimu. Mlima haukutuheshimu. Kona ya tatu, kwenye mawe, gunia likapasuka. Mchanga ukamwagika. Pua ikapanda. Nikakata usukani kushoto, gari likaendelea na mipango yake. Magurudumu ya mbele yalikuwa hewani! Boliti za kushikia kijumba zikalia, moja, mbili, zote, na kijumba kikateleza nyuma taratibu, kikakaa katikati ya njia. Pua ya gari ikadondokea jiwe, usukani ukakataa kazi. Hakuna aliyeumia. Hata sinki halikupata ufa. Mbao ngumu!

Shemeji, aliyetufuata nyuma, akashuka akanipa pole. Afadhali angetukana. Kakunjua miguu ya jeki, kakiinua kijumba, karudisha nyuma pikapu yake ya matofali. Kikaingia kama droo.

Mbele kuna viti vitatu tu. Shemeji, mama mkwe, na mmoja. Mke wangu akasimama njiani na gauni lake la njano, akaniuliza kama abaki na mimi. Miaka sita bila likizo, na akaniuliza. Nikamwambia aende. Nilimaanisha.

Kaniachia chupa ya chai. Nimemsubiri fundi kwa saa tano. Macho yaliniwasha sana. Mchanga ule.

Ijumaa, 14 Juni

Wamerudi! Mke wangu anacheka hovyo, kachomwa na jua puani. Kanieleza kila kitu: ukungu asubuhi, ndege weupe, maji yakionekana kupitia dirisha lenye pazia. Kasema kitanda ni kizuri mno. Kasema usiku wa kwanza alijikuta kalala upande wake mmoja tu, kaniachia nafasi, hadi mama yake akaja kuichukua.

Nikamrudishia chupa yake ya chai.

Kisha akanishika mkono. Kuna kisiwa kidogo katikati ya ziwa, hawakukifikia. Angependa likizo ijayo twende sote wawili, kwa pikapu ya kaka yake, bila ujanja wowote. Nikaapa. Nimekoma. Somo limeniingia mpaka kwenye mifupa.

Nikatoka uani kupunga upepo, nikampigia dalali. Ana boti.

Nimemuuliza swali moja tu la msingi: ina milango mingapi?