Mlango wa Daira ya Ain Sebbar

Mheshimiwa Wali wa Wilaya ya Ras Sfa, mkuu wetu sote, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake mnakiona hapo mbele na naomba kiheshimiwe. Mheshimiwa Katibu wa Wilaya, anayemwakilisha Mheshimiwa Wali, na ambaye naye anawakilishwa na dereva wake. Mheshimiwa Meya wa Baladia. Kamanda wa Zimamoto. Imamu wetu mpendwa. Hajj Belgasem, mzee wa koo zote mbili za Ain Sebbar, ule unaosalimia na ule usiosalimia. Akina mama mliokaa juu ya ukuta. Na wewe mpiga picha, subiri kwanza nivae miwani. Itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Zumari inaanza mapema, inanyamazishwa.)

Mimi ni Bualem Gettaf, Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Mipaka na Mgawanyo wa Maeneo, Wilaya ya Ras Sfa, na kabla sijasema lolote niseme hili: cheo hiki sikukiomba, nilikikuta kinanisubiri. Miaka kumi na tisa nimelala na ramani na kuamka na ramani, hadi mke wangu akaniambia, Bualem, hata sinia la kuskusi unalichora mipaka. Nikamwambia, mama watoto, upande wenye nyama ni wangu kisheria.

(Kicheko safu ya mbele. Safu ya nyuma inauliza chakula kinatoka saa ngapi.)

Ndugu wananchi, nchi yetu tukufu ya Aljeria imegawanywa katika wilaya, kila wilaya na wali wake. Wilaya ikagawanywa daira, daira ikagawanywa baladia, na baladia, kama mnavyojua kuliko mimi, imegawanyika watu. Huo ndio mfumo, na mfumo hauna tatizo lolote. Tatizo ni Ain Sebbar, kwa sababu mababu zenu, Mungu awarehemu, walijenga pande mbili za barabara bila kuihusisha idara yangu, na barabara yenyewe ndiyo mpaka. Anayekaa upande wa tanuri la mkate yuko kwetu Ras Sfa, na anayekaa upande wa kisima yuko kwa jirani zetu wa Wilaya ya Tell Ghorab, watu wazuri sana, ingawa ramani zao wanazichora kwa penseli.

(Sauti ya mama kutoka ukutani: "Na aliyezaliwa katikati ya barabara?")

Nimekusikia, Lalla Mebarka, huko nakuja. Kwa wasiomjua, huyu ni Lalla Mebarka, mama mwenye wivu wa maendeleo, aliyefika ofisini kwangu mara thelathini na moja, na mara zote thelathini na moja mimi nilikuwa kwenye kikao. Mjukuu wake, Nuara, ni yule pale mwenye utepe wa kijani nyweleni. Ana miaka sita na, nasema kwa masikitiko, kiutawala hajazaliwa bado. Mama yake alishikwa na uchungu, wakampakia kwenye gari wampeleke hospitali, gari likazimika hapa hapa barabarani, na mtoto hakusubiri fundi. Sisi Ras Sfa tukasema kazaliwa upande wa kisima. Tell Ghorab wakasema kazaliwa upande wa tanuri. Bila cheti cha kuzaliwa shule haimwandikishi, na shule zinafunguliwa Jumapili, wiki ya kazi ikianza. Leo ni Alhamisi, kwa hiyo mnaona wenyewe kwamba serikali haijachelewa.

(Nuara anaulizwa na bibi yake kama amechoka kusimama. Anasema bado.)

Ndiyo maana, kufuatia upembuzi yakinifu uliofanyika kwa njia shirikishi na wadau wote isipokuwa wakazi, na katika kuoanisha dira, dhima na tija kwa mustakabali wa mchakato, tumebuni Mradi Mkakati wa Daira Mpya ya Ain Sebbar, utakaoziweka pande zote mbili chini ya paa moja, ambapo cheti cha kuzaliwa kitatolewa kwa dakika nne, na cha kifo, kwa wenye haraka, kwa dakika tatu. Takwimu zetu zinaonyesha kuwa asilimia themanini na saba ya wananchi watafurahi mara moja, asilimia tisa watafurahi baadaye, na asilimia nne iliyobaki ni Hajj Belgasem.

(Kicheko. Hajj Belgasem hacheki.)

Matunda yameanza kuonekana. Nani kati yenu aliwahi kuota kwamba kingo za barabara hii zitapakwa rangi nyekundu na nyeupe? Zimepakwa jana, kuanzia pale gari la Mheshimiwa Wali lingesimama hadi pale macho yake yangefika. Nani aliwahi kuona mitende Ain Sebbar? Leo ipo kumi na minne.

(Hajj Belgasem: "Haina mizizi, mwanangu. Mbuzi wangu kaangusha miwili.")

Mizizi ipo katika awamu ya pili, Hajj. Na huyo mbuzi naomba aelimishwe.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta. Maofisa wenzangu wakienda kijijini huweka jiwe la msingi, wanapigwa picha, jiwe linarudishwa garini. Mimi mambo ya mawe nimeyakataa. Mwananchi atalibishia hodi jiwe afunguliwe na nani? Mwananchi anataka mlango, na chini ya kitambaa hiki nyuma yangu, ndugu zangu, upo mlango wa daira yenu, wa mbao za mwerezi, kitasa cha shaba, tena una kengele.

(Anavuta kitambaa. Vigelegele. Zumari. Bunduki mbili za baruti zinalia, ya tatu inagoma. Lalla Mebarka ameshuka ukutani, amemshika Nuara mkono, anapita katikati ya viti hadi mlangoni. Anabonyeza kengele.)

Lalla, utepe haujakatwa.

(Anafungua. Upande wa pili ni shamba la shayiri, na mbuzi.)

Naam. Hapo ni mapokezi. Dirisha la vyeti litakuwa pale mbuzi aliposimama, na vyoo, kwa mujibu wa mchoro, vitakuwa kwa jirani.

(Lalla Mebarka, bila kupandisha sauti: "Uliniambia nije na nakala mbili na picha mbili, mwanangu. Nimekuja nazo. Nimpe nani?")

Nipe mimi. Ndiyo, mimi. Watu husema Gettaf ni maneno tu, leo waone. Leteni kalamu. Kwa mamlaka niliyopewa na Wilaya ya Ras Sfa, mbele ya mashahidi hawa wote, mtoto Nuara amezaliwa, na hii hapa ni sahihi yangu, na Jumapili atakwenda shule akiwa na mkoba mgongoni.

(Shangwe ya kweli. Nuara anaruka mara mbili. Hajj Belgasem ananyanyua fimbo, anaomba kusema: "Jukwaa lenu mmeliweka upande wa kisima, mwanangu. Mlifuata kivuli.")

Haiwezekani. Lete ramani. Geuza. Hapana, geuza tena.

(Muda unapita. Mbuzi anatoka mlangoni.)

Ndugu wananchi, ninawajibika kuwataarifu kuwa nipo mita tatu ndani ya Wilaya ya Tell Ghorab, ambako ofisa wa Ras Sfa haruhusiwi kuwapo bila kibali cha safari, na kibali sina. Kwa hiyo kisheria hotuba hii haijatolewa, mimi sikuja, na hiyo sahihi, Lalla, uniwie radhi, ni wino tu.

Nimalizie kwa mshikamano. Nikisema daira, semeni huduma. Daira.

(Safu ya mbele: "Huduma." Safu ya nyuma: "Kuskusi.")

Namshukuru seremala aliyetuazima mlango, ambao lazima urudi kabla ya alasiri, kwani kesho tunazindua nao daira nyingine. Naishukuru bustani ya hoteli kwa mitende. Zaidi ya wote nawashukuru wakubwa wa makao makuu, walioniandikia barua fupi na ya heshima sana kwamba hakuna daira mpya ya Ain Sebbar iliyoombwa, iliyopitishwa wala iliyowahi kufikiriwa, hivyo kutuachia uhuru kamili wa kuizindua. Ahsanteni kwa kunisikiliza, ingawa sikuwapo.

(Vijana wanaubeba mlango. Lalla Mebarka anazikunja nakala zake polepole na kuzirudisha kifuani. Nuara anamtazama ofisa kuanzia viatu hadi miwani, kisha anamvuta bibi yake nguo: "Bibi, kumbe na yeye hajazaliwa?")